Dereva na Mtu Wake wa Mbele

Mwaka 1963, katika kiangazi, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, nilimwona mwanamume akipimwa kwenye mizani ya pamba. Ilikuwa Jumapili, tarehe 4 Agosti, mjini Mwanza, kwenye gati dogo la klabu ya mashua, ambako nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu kuuza chai na maandazi. Mwanamume yule alining'inia kwenye ndoana kwa mikono miwili, magoti ameyakunja ili miguu isiguse chini, kofia yake ameing'ata kwa meno. Watu walicheka. Karani wa klabu alisoma mshale, akatangaza uzito kwa sauti, na yule mwanamume akajiachia, akaivaa kofia yake, akainama kidogo kama mtu aliyepigiwa makofi. Miaka miwili baadaye alikuwa mume wangu.

Hata hivyo, ninayetaka kumweleza hapa si yeye. Ni mtu wa pili niliyemwona siku ile: kijana wa Kigoa, mwembamba, aliyekuwa amekwisha kupiga magoti ndani ya mashua ya mbao nyembamba, mkono mmoja umeshika injini nyuma yake, macho yameelekea majini. Yeye hakucheka. Nitamwita Dereva, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa Mwanza na ndivyo tulivyomwita hapa Toronto. Ukoo wake na kuzaliwa kwake nawaachia watoto wake. Mimi nilimjua kama jirani, na kama mtu niliyemwekea kinyongo kwa muda mrefu kuliko ilivyonipendeza. Sababu ilikuwa moja. Kombe la siku ile lilichorwa jina lake peke yake, na hata uzeeni hakukubali kusema mbele ya watu kwamba marehemu mume wangu alikuwa mshindani mwenzake. Nilitaka jina la mume wangu liandikwe kabla sijafumba macho. Nusura nilikose jambo hilo.

Yafaa nieleze mashindano yale yalikuwaje, maana wajukuu wangu wakisikia habari zake hudhani yalikuwa starehe. Siku zile injini za kufungwa nyuma ya mashua zilikuwa bado ngeni ziwani. Makarani, wenye maduka na mafundi wa reli waliokuwa na nafasi waligundua kwamba ukiifunga injini ile kwenye mashua nyepesi kupita kiasi, mashua haiendi tena ndani ya maji bali juu yake. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nyuma kuna chuma kizito, mbele kuna pua tupu. Upepo ukiingia chini ya pua, mashua hugeuzwa kama sahani. Kwa hiyo wengi waliweka gunia la mchanga mbele. Dereva akaona kwamba mchanga haujui kona. Alitaka gunia linaloweza kuhama lenyewe: lilale mbele kabisa mashua inapokwenda moja kwa moja, na ikifika kwenye boya lijitupe upande wa ndani ili mashua isipinduke.

Gunia hilo lilikuwa mume wangu, mpimaji wa pamba kwenye kinu cha kuchambulia. Ila sheria ya klabu ilitaka kila mshindani awe mwanachama, na hapakuwa na mwanachama hata mmoja Mwafrika. Uhuru ulikuwa umefika Ikulu. Gatini ulikuwa haujafika. Mzigo, kwa upande mwingine, haukuwa na masharti yoyote ila upimwe. Basi mume wangu akapimwa. Karani alipouliza, "Huyu nani?" Dereva alijibu bila kugeuza kichwa, "Huyo si mtu wa mashindano. Ni mzigo wangu." Nilisikia kwa masikio yangu, birika la chai likiwa mkononi.

Wakashinda. Walizunguka mwamba mkubwa ulio mbele ya mji na kurudi, mume wangu kifudifudi puani, uso wake karibu kugusa maji, nyayo zake zikimtazama Dereva. Kelele ilikuwa kama bati linalochanwa. Harufu ya moshi wake ilikuwa tamu, kwa sababu walichanganya petroli na mafuta ya nyonyo. Harufu hiyo nitairudia, maana iliwahi kutushusha ngazi jengo zima.

Dereva aliyeshinda ziwani hakupata kuendesha gari Kanada. Alifika Toronto mwaka 1972, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya bima hadi alipostaafu, na muda wote huo alipanda basi. Alitembea polepole kuliko mtu yeyote katika Barabara ya Weston. Taa ya kuvukia ikiwaka alisubiri kwanza aone kama imekusudia, na wenye magari walimpigia honi, naye aliwainulia kofia. Binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi na kila siku ana haraka, alimwuliza siku moja wakiwa kwenye lifti, "Mzee, si ulikuwa unakimbiza mashua wewe?"

"Nilikimbiza."

"Sasa huo mwendo umekwenda wapi?"

"Nimeutumia. Wewe wako unautumia hovyo, utauhitaji ukiwa na umri wangu."

Misemo yake ilikuwa ya namna hiyo, mikavu, nayo aliirudia bila kuona haya. "Injini haiombwi, husikilizwa." "Mwendo uko gotini, si mkononi." Huu wa pili aliusema hasa katika mambo ya kanisa. Kila Jumapili, waumini wote walipopiga magoti, Dereva alibaki ameketi, mgongo umenyooka, kama mgeni rasmi. Padri mmoja mgeni alimwona ana kiburi, akamgusia hilo baada ya misa. Dereva akapandisha suruali pale pale mlangoni, akamwonyesha magoti mawili yaliyovimba na kupinda kama mizizi ya tangawizi. "Baba," akamwambia, "mimi nilimaliza kupiga magoti kabla hujazaliwa. Mungu ana hesabu yangu." Mashua zile hazikuwa na viti. Dereva alipiga magoti juu ya ubao, na kila wimbi lilimpiga hapo.

Naam, na mafuta ya nyonyo. Alikuwa na chupa yake jikoni, na majirani tulidhani ni ya tumbo, kama ilivyo kwa wazee wengi. Kumbe kila mwaka, baridi inapokaza, alimwaga matone machache kwenye kikaango, akayachoma ili ainuse ile harufu. Alifanya hivyo kwa miaka bila madhara. Kisha, Januari ya mwaka 2006, alisahau kufungua dirisha. Kengele ya moto ikalia, na jengo zima tukashuka kwa ngazi hadi kwenye theluji, akina mama na watoto mgongoni, Mrundi wa ghorofa ya tatu na sufuria yake ya maharage ambayo alikataa katakata kuiacha. Dereva alishuka wa mwisho, polepole, akiwa amevaa tai. Kiongozi wa wazima moto alimwuliza alikuwa akipika nini. Mume wangu akawahi kujibu kabla yake: "Alikuwa anapika mwaka elfu moja mia tisa sitini na tatu."

Walitaniana hivyo daima. Sisi tulifika Toronto tarehe 12 Februari 1998, tumeitwa na Neema, na Dereva alikuja naye uwanja wa ndege akiwa amebeba makoti mawili mazito. Yeye na mume wangu walikuwa hawajaonana kwa miaka ishirini na sita. Nilitarajia machozi.

"Gunia," Dereva akasema, "umeongezeka."

"Na wewe umepungua, Dereva. Sasa mzigo ni nani?"

Kisha wakashikana mikono, na hawakuachana mpaka kwenye maegesho. Ni yeye aliyetutafutia nyumba katika jengo lake, kando ya Mto Humber, sisi ghorofa ya tano, yeye ya saba. Alikuwa mjane tayari, na watoto wake walikuwa wamehamia Richmond Hill, kwenye nyumba zenye bustani, ambako alikataa kuhamia kwa sababu, alisema, huko maji yote yako ndani ya mabomba. Akawa anakula kwetu Ijumaa. Alipenda ugali kuliko sisi, na alileta samaki wa nazi aliyempika mwenyewe kwa mapishi ya mama yake. Baada ya kula, ubishi ulikuwa ule ule.

"Lakini mimi ndiye niliyefika kwanza," mume wangu alikuwa akianza, akivuta kijiti cha meno. "Wewe ulinifuata tu."

"Gunia halifiki. Gunia hufikishwa."

"Basi lifikishwe kwanza. Wewe bado uko njiani."

Walicheka mpaka Dereva akakohoa. Mimi nilikusanya sahani. Sikuwa nikicheka, na ni haki msomaji ajue kwa nini. Mimi ni mtu niliyesoma ukubwani. Nilijifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima Mwanza, mwaka 1974, nikiwa na watoto watatu, na jambo la kwanza ambalo mwalimu alitufundisha ni kuandika tarehe juu ya ubao, ili tujue, alivyosema, kwamba siku ile tulikuwepo. Tangu hapo sipotezi tarehe. Elimu ya sekondari niliimaliza hapa Toronto, Juni 2004, nikiwa na miaka hamsini na minane. Kwenye sherehe ile Dereva alikuja, akakaa safu ya nyuma kabisa ingawa nilimwekea kiti mbele. Baadaye, tukiwa tunakula keki, alimwita mume wangu mbele ya walimu wangu: "Gunia, lete koti la mkeo." Mwalimu wa historia aliuliza neno hilo maana yake nini. Ilinibidi nimweleze. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kipya, na hakuna sentensi niliyowahi kuijenga kwa uchungu kama ile.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Mwambie rafiki yako una jina."

"Analijua."

"Mbona halitumii?"

"Anakula Ijumaa kwangu, ananisubiri kwenye basi, ananinunulia dawa ya macho. Wewe unataka jina?"

Nilitaka jina. Bado naona nilikuwa na haki.

Lakini nilisema kwamba nataka kumweleza Dereva alivyokuwa, na kuna upande wake ambao haukupatana kabisa na kinywa chake. Hakukubali kamwe kutangulia mbele ya mume wangu. Mlangoni alisimama mpaka mwenzake apite. Kwenye basi la Weston alikaa kiti cha nyuma ya mume wangu, hata pale viti viwili vya pamoja vilipokuwa wazi, nao wakazungumza mmoja akimwangalia mwenzake kisogo. Watu waliwadhania wamegombana. Mume wangu alipoanza kudhoofika na kutembea kwa fimbo, Dereva alimfuata hatua moja nyuma, na alikuwa akitazama chini, miguuni.

Sababu yake niliijua hospitalini. Mume wangu alilazwa Oktoba 2009. Wageni wote walikaa upande wa kichwa, kama desturi, wakamshika mkono, wakamsemesha. Dereva alibeba kiti akakiweka upande wa miguu. Akalifunua blanketi kidogo, nyayo zikaonekana, akakaa akizitazama. Neema alikasirika kidogo. "Mzee, huko baridi itamwingia. Njoo huku umwone uso."

"Uso wake nimeujua ukubwani," Dereva akajibu. "Hapa ndipo ninapomfahamu."

Kisha akatueleza. Injini ilipounguruma hawakuweza kusikilizana, na mtu wa mbele hakuweza kugeuka. Kwa hiyo walisemezana kwa nyayo. Mguu wa kushoto ukiinuka, kuna wimbi. Wa kulia, kuna mwamba karibu. Miguu ikibanwa pamoja, maji ni shwari, ongeza moto. Dereva hakuona chochote mbele yake, kwa kuwa pua ya mashua ilikuwa juu. Aliona nyayo mbili tu, akaziamini. Alituambia hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Sikuwahi kuyasikia kwa mume wangu.

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 3 Novemba 2009. Dereva alikuwepo, pale pale miguuni. Kwenye mazishi, vijana wa kanisa walimpa heshima ya kushika jeneza upande wa mbele. Akakataa, akashika nyuma, kushoto. Niliona watu wakinong'ona kwamba mzee ameishiwa nguvu. Nami, katika msiba wangu, nilimhukumu vibaya zaidi: nilidhani hata siku ile hakutaka kuonekana pamoja naye.

Miaka ikapita. Ijumaa aliendelea kuja, ubishi ukawa haupo, na tulikula tukisikiliza treni ziendazo uwanja wa ndege. Aliniita shemeji, kama zamani. Tulikuwa wazee wawili wenye adabu, na jambo letu limekaa mezani kama sahani ya tatu.

Katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 2023, umoja wetu wa wazee waliotoka pande za ziwa, wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, uliamua kuweka kabati la vioo katika ukumbi wa kanisa hapa Weston. Kila familia ilete kitu kimoja. Dereva akaahidi kombe. Mwenyekiti wetu, mama wa Kigoa aliyekulia Kisumu na aliyestaafu kazi ya benki, alitangaza kwamba chini ya kombe patawekwa kibao cha shaba chenye jina la mshindi. Nikanyoosha mkono. Nikasema washindi walikuwa wawili.

"Mama Neema," mwenyekiti akasema kwa upole, "kombe lenyewe liko na jina moja."

"Kombe lilichorwa na watu waliompima mume wangu kwenye mizani."

"Hiyo ni uchungu, naelewa. Lakini hatuwezi kuandika kitu sisi wenyewe tu. Dereva yuko hapa. Mzee, wewe unasemaje?"

Dereva alikuwa ameketi safu ya nyuma. Aliyatazama magoti yake. "Mimi sina la kusema," akajibu, na kikao kikaendelea na mengine.

Sikumpikia Ijumaa iliyofuata. Sikumpikia majira yote ya baridi. Alikuja akagonga, mara ya kwanza na ya pili, na nilimwambia kupitia mlangoni kwamba nina mafua. Mara ya tatu hakugonga. Neema aliniambia namwonea mzee. Mjukuu wangu alijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba bibi na Dereva wote wawili ni wabishi sawa. Sikumsahihisha.

Jumapili, tarehe 10 Machi 2024, siku ambayo hapa saa husogezwa mbele, nilipanda hadi ghorofa ya saba baada ya misa. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kanisani na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Alifungua mlango akiwa na sweta lenye viraka vya viwiko.

"Karibu, shemeji. Leo wamechezea saa. Umekuja mapema au umechelewa?"

"Nimechelewa miaka sitini."

Akanikaribisha kiti cha dirishani, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi, na kwa magoti yale ilimchukua muda. Mto ulikuwa ukionekana chini, barafu imekatika vipande vinavyoelea. Kombe lilikuwa juu ya televisheni. Ni dogo, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Alipoketi nikamwambia, "Nijibu jambo moja tu. Ndani ya ile mashua, mume wangu alikuwa nani?"

"Mtu wa mbele."

"Hukushindwa kulisema. Mbona kwenye kikao umeshindwa?"

Akapuliza chai yake. "Shemeji, sheria ya klabu unaijua. Asiye mwanachama akishindana, mashua inafutwa. Haishiki nafasi ya pili wala ya kumi, inafutwa, kama haikuwepo. Wote pale walijua yule ni mtu. Walimcheka ili wasilazimike kuliona. Siku nikimwita mshindani mbele ya kikao, mimi sina kombe. Na yeye hana. Hatukushinda."

"Klabu ile imekufa zamani."

"Klabu imekufa. Sisi tulishinda kwa sheria yake."

"Kwa hiyo umemfanya gunia miaka yote hii ili ulinde kikombe cha bati."

"Ili nilinde alichokishinda," akasema. "Hakuna kingine alichoshinda ambacho hawakumnyang'anya."

Kisha nikamwambia lile lililokuwa chini kabisa. "Nilikuwepo. Nilikuona unamwambia karani kwamba si mtu. Hukugeuza hata kichwa."

"Sikugeuza kwa sababu ningegeuka ningeharibu." Akakiweka kikombe chini. "Shemeji, maneno yale yalikuwa yake. Mizani ilikuwa wazo lake. Mimi nilitaka kujitoa. Akaniambia, nipime, waache wacheke. Wakimaliza kucheka sisi tutakuwa tumeshafika. Akanifundisha na la kusema. Akanikataza kumtazama akiwa ananing'inia."

"Hakuniambia kamwe."

"Angekuambiaje? Watu wote wale walimwona, hakujali hata mmoja. Jioni, tunafungua injini, akaniambia kuna msichana wa maandazi ambaye hakucheka. Kwake huyo ndipo alipoona haya. Wewe tu."

Treni ilipita ng'ambo, ikaisha. Nilikuwa nimekuja na maneno yaliyopangwa, na hakuna hata moja lililofaa tena. Nikasimama, nikafunga koti langu.

"Nimekusikia, Dereva. Lakini sasa yeye hayupo wa kuona haya, na klabu haipo ya kufuta. Kilichobaki ni kibao kile. Watoto wa watoto wangu watasoma jina moja, na ukiwaambia kulikuwa na mtu mwingine watauliza, alikuwa nani? Watajibiwa, mzigo. Chagua. Kombe, au mtu."

Aliniinukia, kama alivyomwinukia kila mwanamke anayeondoka, na kusimama kule kulimuumiza. Mlangoni alisema tu, "Tangulia, shemeji."

Ijumaa iliyofuata nilipika. Alikuja, tukala, hatukuligusa jambo lile, wala wiki zilizofuata.

Kikao cha mwisho juu ya kabati kilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Dereva alikuja na mjukuu wake kutoka Richmond Hill, msichana wa chuo, aliyembebea kombe ndani ya mfuko wa dukani. Mwenyekiti alipofikia suala letu, alianza kusema kwamba kwa kuwa hakuna ushuhuda mpya, kibao kitabaki na jina moja. Dereva akainuka. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni ushuhuda mpya. Ndani ya ile mashua tulikuwa washindani wawili. Mmoja hakuwa mwanachama. Nilimwambia karani kwamba ni mzigo, na haikuwa kweli. Kwa sheria ya siku zile, mashua ile ilipaswa kufutwa."

Mzee mmoja wa Entebbe, ambaye masikio yake ni mazito, akauliza kwa sauti kubwa, "Anasema alidanganya?"

"Nilidanganya," Dereva akamjibu kwa sauti kubwa vile vile, kwa adabu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee, fikiria vizuri. Ukisema hivyo mbele ya kikao, mimi sitaweza tena kuandika mshindi."

"Usiandike mshindi. Andika nani alikuwemo."

Wakajadiliana. Mmoja alisema basi kombe lirudi nyumbani. Mwingine akasema kabati ni la kumbukumbu, si mahakama. Mwishowe mwenyekiti akaomba mikono, na mikono ikainuka karibu yote, hata wa mzee wa Entebbe, baada ya jirani yake kumweleza. Ikaamuliwa: kombe likae, kibao kiwe na majina mawili, na neno mshindi lisiwepo.

"Kwa mpango wa alfabeti?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana," Dereva akasema. "La kwake kwanza. Mstari wa kumalizia huvukwa na pua ya mashua. Yeye alikuwa puani. Mimi nilivuka nyuma yake."

Watu wachache walicheka, wakidhani ni mzaha wa mzee. Yeye alinigeukia, mara ya kwanza tangu ainuke.

"Alifika, shemeji."

Mwenyekiti akasema hajui jina la marehemu linaandikwaje, akaniomba nilitaje herufi kwa herufi. Nikamwambia siwezi kulitaja, nitaliandika. Nikaenda mbele, kwenye ubao ambao watoto wa katekisimu huutumia, nikachukua chaki. Juu, mahali pake, niliandika tarehe: Jumamosi, 18 Mei 2024. Chini yake niliandika jina la mume wangu, lote, kwa herufi ambazo mtu wa safu ya nyuma angeweza kuzisoma. Kisha nikaacha nafasi na kushikilia chaki. Dereva alikuja polepole, kila mtu akisubiri, akaipokea mkononi mwangu, akaandika lake nyuma ya lile.